Mpira Ulioacha Kuja Mikononi

Jambo lote limenigharimu milioni mbili na laki sita, bila kuhesabu kondoo. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata pungufu kidogo, nikajua kuna mahali najidanganya, nikarudia, nikakuta nimesahau mafuta ya pikipiki ya kumpeleka baba mkubwa hadi kijiji cha Baray kumtafuta mzee mwenzake. Kondoo simhesabu kwa sababu bei yake sijakubaliana nayo hadi leo. Alikuwa jike, mweusi, hana doa, na aliyekuwa naye alijua kabisa kwamba mtu anayetafuta kondoo jike mweusi asiye na doa hana nafasi ya kubishana.

Hiyo ni gharama ya kutokaa. Kukaa kungekuwa bure.

Mimi ni kipa wa kulipwa. Nasema wa kulipwa kwa sababu hapa Karatu kuna makipa wengi wazuri wanaolipwa soda. Nilizaliwa Daa, ambako uwanja wetu ulilala kwenye mteremko kama shamba lingine lolote la kwetu: goli moja juu, goli moja chini, na nyuma ya goli la chini kuna korongo. Mpira ukipita pale, kipa ndiye anayeteremka kuufuata, ndani ya miiba na maji ya mvua ya juzi. Watu husema nilizaliwa na kipaji. Nilizaliwa na uvivu. Mpira ulioudaka huufuati korongoni.

Mikono yenyewe niliitengeneza Mang'ola, kwenye vitunguu. Tulikuwa tunachambua kwa kurushiana: mmoja anachagua kwenye rundo, anarusha, mwingine anadaka na kupanga kwenye gunia. Kitunguu kikidondoka kinachubuka, kikichubuka kinaoza kabla lori halijafika mjini, na dalali anakikata kwenye posho yako. Nikadaka vitunguu misimu mitano. Huko nikajifunza na kupatana bei, na sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ukitaja bei, mwenzako akanyamaza, umeshakubaliwa. Mtu wa Mang'ola anayenyamaza ameshaanza kutafuta kamba ya kufungia gunia.

Kocha wa klabu moja ya Arusha aliniona kwenye bonanza pale Karatu mjini, akanichukua. Ilikuwa ligi ya daraja la kwanza, ile ya chini ya ligi kuu, ambayo wachezaji wake hulala kwenye basi na kuamka kwenye basi. Mkataba niliupatana mwenyewe. Niliomba jozi nne za glovu kwa msimu, wakanipa mbili, ambazo ndizo nilizotaka. Glovu za kipa huisha kama sabuni. Kiganja chake ni laini, kinanata, na kila mpira unaoudaka unaondoka na kipande chake. Baada ya miezi miwili kiganja kimechanika, unakiona kitambaa cha ndani. Kipa akitaka kujua amefanya kazi kiasi gani, aangalie viganja vya glovu zake. Hilo lishike, lina kazi mbele.

Nilikuwa kipa namba moja kwa misimu mitatu. Kabla ya msimu wa nne kuanza, mwezi wa saba, mahindi yakiwa yametoka kuingizwa ndani, mke wangu alijifungua hapa Karatu. Mtoto wa kike, wetu wa kwanza. Alizaliwa asubuhi. Nilipofika kutoka Arusha na blanketi dogo la njano, mtoto alikuwa ameshaondoka, na blanketi likatumika kumfungia. Sina zaidi ya hapo. Wakati ule pia sikuwa na zaidi ya hapo, na nadhani ndiyo shida yenyewe.

Kwetu sisi Wairaqw kifo cha namna ile kina utaratibu wake, unaitwa metimani. Nyumba iliyopatwa inakaa kando. Hamwingii kwa watu na watu hawaingii kwenu. Hamshiki mifugo ya wenzenu, hamchangii chombo wala moto na mtu, mnapita njia yenu, mpaka wazee waseme basi. Hapo ndipo watu wanawarudia. Siku hizi wengi hawafuati. Mchungaji wetu alisema tumwachie Mungu. Baba mkubwa wangu, ambaye ni mzee wa kanisa hilohilo, alisema ndiyo, tumwachie Mungu, lakini tukae.

Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba. Ameendesha magari ya watalii miaka mingi kwenda kreta na kurudi, amestaafu, lakini lile koti la mifuko mingi halijastaafu. Alituita nyumbani kwake, mimi na wazee wengine wawili. Mke wangu alikuwa bado amelala kwa mama.

"Mpaka mavuno yajayo," alisema baba mkubwa. "Wewe na mkeo, wote wawili."

"Baba mkubwa, mavuno yajayo ni mwaka mzima. Ligi inakaribia kuanza."

"Ligi itakuwepo."

"Ligi itakuwepo, mimi ndiye sitakuwepo. Kuna kipa namba mbili pale, ana miaka kumi na tisa na viganja kama makoleo. Akikaa langoni mwezi mmoja, mimi nimerudi kwenye vitunguu."

"Vitunguu navyo vinalisha watu," alisema mzee mmoja.

Nikaanza kazi. Nikataja Krismasi. Wakatikisa kichwa. Nikataja mavuno ya maharage. Wakatikisa kichwa. Nikaona nimekwama kwenye muda, nikahamia kwenye idadi, kama unavyofanya muuzaji akigoma kushusha bei: unamwomba akuongezee ujazo. Nikasema, "Basi wazee wangu, muda wenu siugusi. Ni mwaka mzima, mpaka mavuno, kama mlivyosema. Lakini akae mke wangu. Akae kwa ajili ya wote wawili. Mimi niende nikatafute."

Wakanyamaza. Mmoja alikuwa anatazama mbuzi waliofungwa nje ya ua. Baba mkubwa alikuwa anafungua zipu ya mfuko mmoja wa koti na kuifunga. Kile kimya nikakipima, nikakiona kirefu cha kutosha, nikainuka kuwashika mikono ya kwaheri. Hakuna aliyetoa mkono. Wote watatu walikuwa wameingiza mikono ndani ya nguo. Nikadhani ni baridi. Karatu mwezi wa saba, nani asingedhani ni baridi?

Mke wangu si Mwiraqw. Ni Mnyiramba, wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku juu, wakabaki. Nilitegemea acheke, aseme mambo yenu ya kizamani hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakaa," alisema.

"Hata si mila yenu."

"Mila si yangu. Aliyekufa ni wangu."

"Mimi naenda kututafutia."

"Nenda. Lakini hiyo hesabu ya mmoja kukaa kwa wawili umeipiga wewe. Mimi sijaipiga."

Nikaenda.

Mechi ya kwanza tulishinda moja bila. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mtunza vifaa wetu, mtu mfupi mwenye mdomo, alichukua jezi yangu akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Kipa, leo umecheza na suti?"

Watu wakacheka, nikacheka nao. Jezi ilikuwa safi kweli. Sikuwa nimeruka hata mara moja. Mashuti yao mengine yalipita pembeni, mengine yaligonga mabeki, moja liligonga mwamba likarudi uwanjani. Siku njema za namna hiyo zipo. Kila kipa amewahi kuzipata, na anamshukuru Mungu bila kuuliza maswali.

Mechi ya pili ikawa hivyo. Na ya tatu.

Naomba nieleweke, maana nimeeleza jambo hili kwa watu wakanitazama machoni kuona kama nimekunywa. Mpira uliokufa nilikuwa naushika. Mpira wa kuanzia golini nilikuwa nauokota, nauweka, napiga, kama mtu yeyote. Beki akinirudishia kwa mguu, napiga kwa mguu. Mpira ulio hai, unaokuja golini, ndio haukufika mikononi. Kona inapigwa, natoka, nimehesabu hatua zangu vizuri, ngumi ziko juu, na mpira unapinda kidogo, kidogo tu, kama mtu aliyemwona anayemdai akahamia upande wa pili wa barabara. Unapita, na golini hauingii. Ungeingia ningelia kama kipa mwingine nikalala. Ulikuwa unakwepa goli na mimi ndani yake.

Redioni walianza kunisifu. Tulifika mechi ya saba bila kufungwa, nikahesabu mara mbili, saba, na hapo ndipo nilipotazama glovu. Zilikuwa nyeupe. Viganja vilikuwa na ile ngozi ya dukani, inayonata, yenye harufu ya boksi. Jozi ya pili ilikuwa bado imefungwa kwenye nailoni. Nilikaa kitandani kambini saa tisa ya mchana, jua linaingia dirishani, nimezishika zile glovu, na nikaogopa kitu ambacho sikuweza kukitaja. Ukifungwa goli tano unajua umeharibu wapi. Mimi nilikuwa sijaharibu popote.

Mazoezini mpira uliendelea kuja kwa muda. Halafu nako ukaanza kunikwepa. Kocha wa makipa alikuwa anapiga kutoka karibu sana, hatua sita hivi, mpira ule ambao hata ukifumba macho unakugonga kifuani. Ukapita kushoto. Akapiga tena, ukapita kulia. Akautazama mguu wake.

"Leo nimeamkia mguu gani?" alisema.

Siku iliyofuata alikuja na mipira mipya. Siku ya tatu akaniambia, "Wewe pumzika. Kipa anayefanya vizuri hachoshwi," akaanza kufanya mazoezi na yule wa viganja vya koleo. Yule alikuwa anadaka. Nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza mpira ukigonga glovu zake, ule mlio wa kofi, na nilikuwa namwonea wivu kijana anayekaa benchi. Wakati wa mapumziko kocha wa makipa aligawa maji. Kila mtu alimpa chupa mkononi. Yangu aliiweka kwenye nyasi, karibu na mguu wangu, akaenda.

Nadhani hakujua kwamba amefanya hivyo. Na kesho yake akafanya tena.

Kila klabu huku ina kamati ya ufundi, na kamati hiyo haina uhusiano wowote na ufundi wa miguu. Ndio wanaouliza waganga tuingie uwanjani kwa geti lipi, nani atangulie, na nini kisikanyagwe. Mwenyekiti wa yetu alikuwa muuza vipuri mnene, mwenye heshima sana. Alinivuta nyuma ya basi.

"Mdogo wangu, mtaalamu wako yuko wapi? Kule Eyasi?"

"Sina mtaalamu, mzee."

"Sawa. Anachukua kiasi gani?"

"Nimesema sina."

"Nimekusikia. Nauliza bei."

"Mzee, hakuna mtu."

"Kwa hiyo ni ghali," alisema kwa masikitiko, akanipigapiga begani. Kisha aliangalia ule mkono ulionigusa, akaufuta kwenye suruali.

Nimeuza vitunguu vilivyolowa, nimeuza pikipiki isiyo na gia ya tatu. Siku ile mteja alikuwa mbele yangu na fedha mkononi, na mimi sina mzigo wa kumpa. Wachezaji wenzangu nao wakaamini ninacho nisichotaka kukitoa. Wakaacha kukaa na mimi kwenye kiti kimoja cha basi. Mezani walikuwa wanapishana tu, mmoja akikumbuka simu, mwingine akikumbuka chumvi, mpaka najikuta nakula peke yangu upande wangu. Hakuna aliyenisema vibaya. Tukishinda walikuwa wananishangilia kwa mbali, mikono juu.

Nyumbani nilikuwa nafika mara moja moja, nashusha unga, sukari na mafuta mlangoni. Mke wangu alikuwa anakaa katika ile nyumba yetu ya Daa, mwisho wa njia, analima kipande cha nyuma, anapikia moto wake. Majirani walipopita walipita ng'ambo ya mfereji. Nilimhurumia. Nikamwambia watu hawa wana roho ngumu. Alisema, "Mbona wananiwekea maziwa kwenye jiwe kila asubuhi?" Sikuwa nimeliona jiwe.

Msimu ulikwisha tukiwa nafasi ya nne, na mimi nikiwa kipa aliyefungwa magoli machache kuliko wote katika daraja letu. Machache yenyewe yalifungwa na mabeki wetu. Ndipo tukaalikwa kucheza mechi ya kirafiki Ngorongoro, huku juu ukingoni, na timu ya mchanganyiko: madereva, wapishi wa hoteli, vijana wa kwenye maboma. Ilikuwa mwezi wa sita. Watu wa tambarare wakisikia Ngorongoro wanafikiria simba. Sisi tunafikiria ukungu. Unapanda kutoka chini kwa dakika chache tu, lile wingu lililokuwa juu yako unakuwa ndani yake, na kila kitu kinadondosha maji hata kama mvua hainyeshi.

Tulianza saa tisa. Kufika kipindi cha pili nilikuwa naona mpaka katikati ya uwanja, basi. Ng'ombe walikuwa wanapita upande wangu wa kulia, siwaoni, nasikia kengele. Nyuma ya goli walisimama wazee wachache wa Kimaasai na shuka zao, na fimbo, hawazungumzi.

Nilikuwa nimewaambia mabeki wangu, leo waacheni wapige. Nilitaka kujua. Walipiga, na ikawa vilevile. Halafu beki wetu mmoja akamwangusha mtu ndani ya boksi, ikawa penalti. Nikafurahi. Penalti ni mtu mmoja na mtu mmoja, hakuna beki wa kugonga, hakuna pa kujificha. Mpigaji alikuwa mpishi, mtu wa miraba minne, mwenye mguu wa kuvunja mlango. Nikasimama katikati. Nikaamua siruki. Aupige kifuani kwangu nimalize.

Akaupiga hapo hapo. Naapa niliuona ukija, chini kidogo ya kifua, unazunguka, unarusha maji. Kisha ukashuka. Ukagonga ule udongo uliolowa mbele yangu na ukasimama.

Uliacha tu kuja. Ulikuwa hatua moja kutoka kwenye vidole vya miguu yangu. Mpishi, aliyekuwa anakuja kuufuatilia, naye akasimama. Filimbi haikulia. Nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, na mpira ukaanza kurudi. Uwanja ule una mteremko, najua. Nilicheza kwenye mteremko maisha yangu yote, na mpira hausubiri uiname ndipo ukumbuke mteremko. Ulirudi polepole. Ulimpita mpishi, akasogeza mguu kuupisha. Ulimpita beki wetu, naye akaupisha. Wachezaji ishirini na mmoja walisimama wakaupisha mmoja mmoja, mpaka ukaingia kwenye ukungu. Tukabaki na kengele za ng'ombe.

Mzee mmoja nyuma ya goli aliniita. "Kipa."

"Naam, mzee."

"Kwenu kuna msiba?"

"Ulikuwepo. Mwaka jana."

"Ulikuwepo au upo?"

Refa aliangalia saa yake, akapuliza filimbi ya kumaliza mechi, na muda ulikuwa bado. Hakuna aliyelalamika. Vijana walitafuta mpira mpaka kwenye vichaka, wakarudi mikono mitupu. Mtunza vifaa wetu, ambaye hukosa usingizi kwa soksi moja, alisema achaneni nao.

Basi liliposhuka Karatu niliomba nishuke. Nikapanda bodaboda mpaka Daa.

Mahindi yalikuwa yanakauka, muda wa mke wangu ulikuwa unakwisha. Kilichofuata ndicho kilichokula zile fedha. Nilitaka atolewe vizuri, kwa heshima, na niseme ukweli, nilitaka kutoka naye kwa mlango mmoja. Nikanunua kila kilichotajwa. Nikampeleka baba mkubwa Baray kumtafuta yule mzee wa kumtoa. Nikamlipa mwenye kondoo. Yanayofanyika siku hiyo sitayaeleza yote, mengine si yangu kuyasema. Baada yake majirani walivuka mfereji. Wanawake waliingia na kuni, wakawasha moto wao na moto wake ukawa mmoja. Walimshika mikono mke wangu, kila mmoja, wengine wakamshika na mashavu. Alikuwa analia na kucheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu blanketi la njano.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando yake, mkono nimeunyoosha. Walikuwa wakitoka kwake wanateremsha mikono, wananisalimu kwa mdomo vizuri kabisa, "Shikamoo," "Habari za safari," wanapita. Chakula kikaja. Wao walikula kwenye sinia. Changu kililetwa kwenye bakuli, kikawekwa juu ya jiwe.

Nilimfuata baba mkubwa nje.

"Baba mkubwa, mbona mimi sijatoka?"

"Ulikaa lini?"

"Alikaa kwa ajili ya wawili. Tulikubaliana."

"Nani alikukubalia?"

"Nyinyi. Nilisema, mkanyamaza."

"Tulinyamaza tukingoja umalize kufikiri," alisema. "Ukainuka."

"Kwa nini hamkunirudisha?"

"Mtu aliyepatwa haendi mtu kumshika mkono kumrudisha. Wewe si mtoto wa hapa?"

Nikasimama nikitazama zile zipu za koti lake. Nikamsimulia yote, glovu, mazoezi, penalti ya kule juu. Hakushangaa. Alisema tu kwamba nyumba iliyokaa kando haiingiwi na kitu, na kwamba kama nyumba yangu mimi ni lile goli, basi hilo nalo ni nyumba. Halafu akasema labda pia nilikuwa na mabeki wazuri, yeye si mtu wa mpira.

"Sasa nifanye nini?"

"Ukae."

"Mpaka lini?"

"Mavuno."

"Haya ya sasa?"

"Yajayo."

"Na mke wangu?"

"Yeye ametoka. Aliyetoka harudi ndani. Atakuwa anakuwekea chakula, akipenda."

Nikafungua mdomo kutaja miezi sita. Akanyamaza, mikono ndani ya koti. Nami nikanyamaza, na sikuinuka.

Jioni, kabla jua halijazama, mke wangu aliniletea chai. Aliweka kikombe chini, akakaa upande wa pili wa kibaraza. Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

"Miezi ya mwanzo niliichukia hii nyumba," alisema. "Halafu nikawa na nafasi. Nilimlilia mpaka nikafika mwisho wake. Wewe ulimlilia lini?"

"Nilikuwa kazini."

"Najua. Nilikuwa nakusikia redioni. Walikuwa wanasema kipa hajaguswa."

Tangu siku hiyo tunaishi hivyo. Analala chumbani, mimi nalala chumba cha nyuma. Kikombe changu kina msumari wake ukutani. Simu yangu inalia, na hapa ndipo ninapohitaji mtu. Klabu ya ligi kuu inanitaka. Miaka miwili, nyumba ya kupanga mjini, na mshahara ambao sijawahi kuuona ukiwa pamoja mahali pamoja. Hawakuja kuniona nikicheza, wameona orodha ya magoli niliyofungwa. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Nina miaka thelathini na moja. Kipa wa umri wangu akikosekana msimu mzima hapigiwi simu tena.

Nikienda, huenda mambo yakaendelea hivi hivi, nikastaafu na sifa zote na glovu za dukani. Nikibaki, nakaa mwaka bila goli, bila mshahara, kwenye chumba cha nyuma. Ninachokitaka mimi ni mpira unigonge viganja, hata ukiwa umenifunga, na sahani moja na mke wangu. Nimemuuliza yeye. Amesema hawezi kunichagulia, alishachagua la kwake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyefika hapa, hasa kama umewahi kukaa kando, kwa mila ya kwenu au kwa namna nyingine yoyote. Mtu akikosa kukaa kwa wakati wake, anaweza kukaa baadaye ikahesabika? Anaanzaje peke yake, ndani ya nyumba ambayo mwenzake ameshatoka? Nisaini, au nikae? Nishauri, tafadhali. Wakipiga simu sijui nitawaambia nini.